Kivuli cha Sentimita Nane: Jinsi Setilaiti Mbili Zinavyolifunika Jua

Juni 16, 2025, Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, lilitoa picha za kwanza za ukingo wa jua zilizopigwa na setilaiti zake mbili za Proba-3. Habari ilipokuwa ikisambaa kwenye simu ilizidi kufupishwa, mpaka kikabaki kitu kimoja: wanasayansi wametengeneza kupatwa kwa jua. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Je, giza litatuangukia mchana? Nani kawaruhusu kuliziba jua? Na hiyo "korona" wanayoitafuta huko juu ina uhusiano gani na ile iliyotufungia ndani mwaka 2020?

Tuanze na neno hilo, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi zaidi. Korona ni neno la Kilatini, maana yake taji. Virusi vilipewa jina hilo kwa kuwa vikitazamwa kwa hadubini yenye nguvu vinaonekana vimezungukwa na miiba kama taji. Jua lilikuwa limeshaitwa hivyo zamani, kabla ya virusi hao kujulikana. Taji la jua ni tabaka lake la nje kabisa: gesi nyepesi mno, yenye chaji ya umeme, iliyotandaa mamilioni ya kilomita kulizunguka jua pande zote. Undugu kati ya taji hilo na ugonjwa unaishia kwenye jina.

Taji hilo lipo kila siku, asubuhi hadi jioni. Hatulioni kwa sababu uso wa jua unang'aa kiasi cha mara milioni moja kuliko sehemu ya taji iliyo jirani yake. Fikiria umesimama kando ya barabara kuu usiku, basi linakuja limewasha taa kali. Kondakta amening'inia mlangoni na simu yake imewaka mkononi. Mwanga wa simu upo, lakini huuoni. Macho yamejaa taa za basi. Inua kiganja uzibe taa hizo tu, na simu itaonekana. Kazi yote ya Proba-3 ni kuinua kiganja hicho. Ugumu uko kwenye ukubwa wa kiganja, umbali wake kutoka jichoni, na jinsi ya kukishika kisitikisike.

Mwezi hufanya kazi hiyo bure, lakini kwa haraka

Kupatwa kwa jua hutokea mwezi unapopita katikati ya jua na dunia. Kuna kupatwa kwa sehemu, ambapo jua huonekana limemegwa. Kuna kupatwa kwa pete, ambapo mwezi uko mbali kidogo nasi, hivyo unaonekana mdogo na kuacha duara la moto pembeni. Na kuna kupatwa kamili, ambapo mwezi hulifunika jua lote. Taji huonekana katika aina hii ya mwisho tu. Waliokwenda Rujewa, mkoani Mbeya, Septemba 1, 2016, waliona pete nzuri sana, lakini taji hawakuliona: pete hiyo nyembamba ya uso wa jua iliyobaki ilitosha kulimeza. Tofauti ya kufunika asilimia 97 na asilimia 100 si asilimia tatu. Ni tofauti ya kuona na kutoona.

Kupatwa kamili hutokea mahali fulani duniani kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na mahali pamoja hakuwezi kuzidi dakika saba na nusu. Mara nyingi ni dakika mbili au tatu, mawingu yakikubali. Novemba 3, 2013, njia ya kivuli ilipita kaskazini mwa Uganda na Turkana nchini Kenya, na giza kamili lilidumu sekunde chache tu. Juni 30, 1973, kivuli kingine kirefu kilivuka Afrika kutoka Mauritania hadi Kenya na Somalia. Siku hiyo wanasayansi walipanda ndege ya majaribio ya Concorde na kukikimbiza kivuli hicho juu ya Sahara, wakapata dakika 74 za giza mfululizo. Dakika 74 kwa ndege iliyopita kasi ya sauti! Hicho ni kipimo cha jinsi wanaolichunguza taji walivyo na njaa ya muda. Proba-3 ilipangwa kutoa hadi saa sita kila mzunguko mmoja, na jumla ya saa 1,000 hivi katika miaka miwili ya kazi.

Hesabu ya penseli

Chukua penseli usiku wa mwezi mpevu. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, kisha pitisha penseli mbele ya mwezi. Itaufunika wote. Penseli ina upana wa milimita saba, mwezi una kilomita 3,474, lakini kinachoamua si ukubwa peke yake. Ni ukubwa ukigawanywa kwa umbali. (Jaribio hili lifanye kwa mwezi tu. Kulitazama jua kwa macho matupu, hata kwa kificho cha penseli, kunaweza kuharibu macho milele.)

Jua lina upana wa kilomita milioni 1.39 na liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Gawanya, utapata kwamba umbali ni kama mara 107 ya upana. Basi kitu chochote cha duara kikiwekwa umbali wa mara 107 ya upana wake kitalifunika jua kwa kulingana nalo kabisa. Sahani ya upana wa mita 1.4, zidisha kwa 107, inakupa mita 150. Ukisogea karibu kidogo zaidi ya hapo, sahani inalizidi jua kidogo, na hapo unakuwa ndani ya kivuli kizito, yaani pale ambapo hakuna hata nukta moja ya uso wa jua inayoonekana. Kukizunguka kipo kivuli chepesi, ambamo sehemu ya jua bado inachungulia.

Ndivyo Proba-3 ilivyotengenezwa. Setilaiti ya kwanza, tuiite Kivuli, ina uzito wa kilo 200 hivi na imebeba sahani ya mita 1.4, au 1.42 kwa kipimo kamili. Ya pili, tuiite Kamera, ina kilo 340 hivi na imebeba darubini iitwayo ASPIICS, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Kituo cha Anga za Juu cha Liège, Ubelgiji. Wakati wa kazi Kamera hukaa nyuma ya Kivuli kwa umbali unaotajwa kama mita 150. Kwa hesabu ya karibu zaidi ni kama 144. Hapo kivuli kizito kina upana wa sentimita nane.

Sentimita nane. Kinakaribia kulingana na mdomo wa kikombe cha chai. Na kipo huko huko angani, mita 144 nyuma ya sahani. Ukirudi nyuma mita nane au tisa zaidi kimeshakwisha chote, kama ncha ya pia. Kwa hiyo anayeogopa kwamba setilaiti hizi zitatuzibia jua atulie: kivuli chao kizito hakifiki duniani, hakifiki hata nusu ya njia, na hakuna mtu, shamba wala paneli ya umeme itakayopungukiwa na mwanga kwa sababu yake.

Kwa nini sahani isifungwe kwenye kamera yenyewe?

Hili ni swali la haki, na limeshajibiwa kwa vitendo. Bernard Lyot, Mfaransa, alitengeneza darubini ya kulifunika jua kwa kisahani cha ndani mapema miaka ya 1930, akaipeleka mlimani Pic du Midi ambako hewa ni safi. Setilaiti ya SOHO, iliyorushwa Desemba 1995, ilibeba darubini za kulifunika jua. India nayo ilirusha chombo chake, Aditya-L1, Septemba 2023. Kwa hiyo Proba-3 si ya kwanza kulifunika jua angani.

Tatizo ni tabia ya mwanga. Sauti ya adhana hupinda kona ya nyumba ikakufikia hata kama huuoni msikiti. Mwanga nao hupinda ukingoni mwa kitu, ila kidogo sana. Kidogo hicho ndicho kinachoumiza, kwa kuwa unatafuta kitu kilicho hafifu mara milioni. Kisahani kikiwa karibu na lenzi, mwanga uliopinda ukingoni unamwagika ndani ya darubini na kuchafua hasa sehemu iliyo jirani na jua. Dawa ya kawaida ni kukifanya kisahani kiwe kikubwa kuliko jua kwa kiasi cha kutosha, na hapo unaficha pia taji la ndani ulilolitaka. Darubini ya SOHO iliyokuwa ikitazama karibu kabisa na jua ilikufa mwaka 1998. Zilizobaki huanza kuona kuanzia umbali wa nusukipenyo mbili hivi za jua (nusukipenyo ni nusu ya upana wake) kutoka katikati yake. Kamera za mwanga wa urujuanimno mkali, kwa upande wao, huona vizuri uso wa jua na sehemu ndogo tu juu yake. Katikati kuna pengo, na pengo hilo ndipo upepo wa jua, yaani chembe za taji zinazotiririka kwenda angani, unapoanza kushika kasi.

Ukiisogeza sahani mbali, mwanga uliopinda unapungua na unaweza kukaribia ukingo wa jua bila kuungua. ASPIICS iliundwa ione kuanzia nusukipenyo 1.1 hadi 3, yaani inaanza sehemu moja ya kumi tu juu ya uso. Ukingo wa sahani yenyewe umeviringwa, haukuachwa mkali kama wa bati, ili mwanga unaopinda upungue zaidi.

Basi tungetumia mlingoti wa mita 150? Mlingoti wa namna hiyo haukai ndani ya kichwa cha roketi. Hata ukikunjwa na kukunjuliwa angani, upande wenye jua utapata joto na kutanuka, wenye kivuli utapoa na kusinyaa, na chuma chote kitajipinda na kutikisika kama mti wa mnazi kwenye kaskazi. Njia rahisi zaidi, ajabu lakini kweli, ni kuuondoa mlingoti na kubaki na ncha zake mbili. Hapo ndipo penye jambo jipya la Proba-3, na ndilo ningependa msomaji alishike kuliko picha zote: vyombo viwili visivyogusana vinafanya kazi kama chombo kimoja kirefu cha mita 150.

Zipo setilaiti nyingine zinazosafiri wawiliwawili. Za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, zilitengana kama kilomita 220 na kupima kwa makini mno jinsi umbali huo unavyobadilika, na kwa njia hiyo tukajua kupanda na kushuka kwa maji ya maeneo kama bonde la Ziwa Viktoria. Lakini GRACE ilipima umbali na kuuacha ubadilike. Proba-3 haina ruhusa ya kuuacha.

Milimita zinavyoshikwa

Mdomo wa darubini ya ASPIICS una upana wa sentimita tano. Kivuli kizito kina nane. Toa, gawa kwa mbili: kila upande una nafasi ya sentimita moja na nusu. Na usidhani nafasi yote hiyo inatumika, kwa sababu mdomo ukikaribia ukingo wa kivuli kizito, mwanga wa ziada huongezeka haraka upande mmoja wa picha. Ndiyo maana lengo likawa milimita, unene wa kadi ya benki na kidogo zaidi, katika umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira.

Makosa yana namna mbili na hayalingani. Kamera ikisogea mbele au nyuma kwa sentimita kumi, upana wa kivuli unabadilika kwa karibu milimita moja tu. Lakini ikisogea kando kwa sentimita kumi, imetoka kivulini kabisa na jua linaingia wazi kwenye darubini. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuulinda mstari usiyumbe kando. Milimita moja ya kando katika mita 144 ni pembe ya sekunde moja na nusu hivi, na nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600.

Halafu mstari wenyewe haukai tuli. Dunia inalizunguka jua karibu nyuzi moja kwa siku, na setilaiti zimo safarini pamoja nayo. Katika saa sita upande jua lilipo umehama robo ya nyuzi. Ili Kivuli kibaki katikati ya jua na Kamera, mmoja wao lazima ahamie kando zaidi ya nusu mita katika muda huo, polepole, bila kuyumba.

Kujua mahali ulipo hufanyika kwa ngazi, kutoka kipimo cha kukadiria hadi kipimo makini, kama fundi anayeanza na futi kamba na kumaliza na pima maji. Zikiwa karibu na dunia, setilaiti hutumia GPS, ile ile ya simu, na kulinganisha majibu yao kupitia redio inayoziunganisha. Zikipanda juu, kamera pana iliyo kwenye Kivuli hutafuta taa za LED zinazomwekamweka kwenye mwili wa mwenzake. Kisha kamera nyembamba hushika kundi dogo zaidi la taa na kushusha kosa hadi sentimita. Baada ya hapo Kivuli hutuma mwale wa leza unaogonga kioo cha kona tatu kwenye Kamera. Kioo cha aina hiyo hurudisha mwanga kule kule ulikotoka hata kikiwa kimeinama kidogo, kama kile kirudisha mwanga chekundu nyuma ya baiskeli. Mwale unaorudi hueleza umbali na mkengeuko wa kando kwa milimita. Mwisho kabisa, kuzunguka mdomo wa darubini kuna vihisi vya mwanga. Upande mmoja ukiangaza kuliko mwingine, kivuli kimekwenda kombo. Hiki nakipenda zaidi kwa urahisi wake: unauliza kivuli chenyewe kipo wapi.

Kusogea ni kazi ya Kivuli. Kina mirija midogo ya kupuliza gesi baridi iliyoshindiliwa, isiyochomwa, yenye msukumo wa milinewtoni 10, ambao ni sawa na uzito wa gramu moja hapa duniani. Mrija mmoja ukipuliza kwa sekunde nzima, setilaiti ya kilo 200 inapata mwendo wa sehemu moja ya ishirini ya milimita kwa sekunde. Kwa wengine huo ni udhaifu; hapa ndiyo sifa. Injini yenye nguvu ingerusha Kivuli kupita alama, kisha irudishe, kisha ipite tena, na mafuta yangeisha kwa kuyumbayumba. Kamera, kwa upande wake, ina injini zenye nguvu zaidi zinazotumia mafuta ya roketi, kwa ajili ya masahihisho makubwa ya njia.

Kwa nini ziende mbali hivyo

Wengi hufikiri setilaiti hizi zimeelekea kwenye jua. Hapana, zinaizunguka dunia. Chombo kilichokwenda karibu na jua ni Parker cha Marekani, kilichopita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wake Desemba 24, 2024. Proba-3 inatembea kwenye njia ya duaradufu ndefu: mwisho wa chini kilomita 600 juu ya ardhi, mwisho wa juu kilomita 60,530. Mzunguko mmoja ni saa 19 na nusu na ushee.

Sababu ni mvutano wa dunia. Vitu viwili vilivyo umbali tofauti na dunia havivutwi sawasawa, na kila kimoja kinataka kufuata njia yake, kama wakimbiaji wawili wa njia za uwanja, wa ndani na wa nje. Tofauti ya mvutano kati ya vitu vilivyoachana mita 150 hupungua kwa haraka sana kadiri unavyopanda. Ukifanya hesabu, kule juu kabisa ni ndogo karibu mara 880 kuliko kule chini. Chini, setilaiti hizi zingeachana zaidi ya nusu mita ndani ya dakika moja ya kwanza. Juu, dakika hiyo hiyo inazaa nusu milimita au zaidi kidogo, kiasi ambacho pumzi za gesi baridi zinaweza kukifuta. Tena kule juu mwendo ni pole, kama kilomita moja kwa sekunde, na chini ni kilomita kumi. Kwa hiyo muda mwingi wa mzunguko unatumika kule kunakofaa.

Siku ya kazi inakwenda hivi. Setilaiti zinapanda, zinatafutana, zinajipanga. Kwa saa sita kuzunguka kilele zinashika mstari na kupiga picha. Kisha, kabla ya kushuka, zinaachana kwa makusudi, zikipeana misukumo inayoziweka kwenye njia ambazo hata injini zote zikizimika hazitagongana. Zinapita chini zikiwa huru, GPS ikipima zilivyotawanyika, halafu zinapanda tena. Kung'ang'ania mpangilio kule chini kungemaliza gesi yote haraka, bila picha yoyote ya maana.

Haya yote zinayafanya zenyewe. Kituo cha Redu, Ubelgiji, hupanga ratiba na kupokea data, lakini hakuna mtu aliyeshika usukani. Si kwa sababu redio ni polepole mno; mawimbi huchukua sehemu moja ya tano ya sekunde kutoka kilele hadi ardhini. Ni kwamba kila kipimo kingelazimika kushuka, kuchambuliwa na kurudi kama amri, kwa saa sita mfululizo bila kukatika, na mawasiliano ya setilaiti hayana uhakika huo.

Mambo yanaweza kuharibika njiani, na wahandisi walianza kuyaona kabla hata ya kuruka. Roketi ya India ya PSLV ilipangwa kuondoka Sriharikota Desemba 4, 2024. Ikaahirishwa kwa siku moja baada ya hitilafu kuonekana kwenye mfumo wa akiba wa msukumo wa Kamera. Desemba 5 ikaruka, setilaiti zikiwa zimebebana. Ziliachanishwa Januari 14, 2025, na Machi mwaka huo zikashika mpangilio wa mita 150 kwa saa kadhaa bila msaada wa ardhini. Hatari nyingine zinaeleweka ukishaujua mfumo: leza ikipoteza kioo, inabidi kurudi ngazi moja nyuma hadi kwenye taa za LED, setilaiti moja ikijizima kwa usalama, nyingine lazima ijiondoe, na umbali ukipungua kupita mpaka, kuna mpango wa dharura wa kutawanyika ambao hutangulizwa kuliko picha yoyote.

Kilichoonekana

Picha za kwanza zilipigwa Mei 23, 2025. Kila picha iliyochapishwa ni muunganiko wa tatu, zilizopigwa kwa muda tofauti wa kufungua lenzi. Karibu na jua taji linang'aa sana, mbali nalo ni hafifu; muda mfupi unafaa ndani, muda mrefu unafaa nje, na wataalamu wa Royal Observatory ya Ubelgiji huziunganisha. Huo si udanganyifu wa picha. Ni sawa na mpigapicha wa harusi anayetaka bwana harusi mwenye suti nyeusi na bibi harusi mwenye shela nyeupe waonekane wote wawili.

Moja ya picha hizo ilikuwa ya kijani, na rangi hiyo ina historia yake. Mwaka 1869, wakati wa kupatwa kwa jua, wataalamu waliona kwenye mwanga wa taji mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote waliyoijua. Wakadhani wamegundua kitu kipya, wakakipa hata jina, koroniamu. Ikachukua karibu miaka 70 mpaka Walter Grotrian na Bengt Edlén walipoonyesha kwamba ni chuma tu, chuma cha kawaida cha majembe na misumari, kilichopoteza elektroni 13 kati ya 26. Ili chuma kivuliwe namna hiyo, joto linapaswa kufika karibu nyuzi milioni mbili.

Na hapo kuna fumbo lenyewe. Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Taji lililo juu yake lina milioni moja hadi tatu. Ukiondoka kwenye jiko unatarajia kupoa. Hapa unaongezewa moto. Watu huuliza mbona basi taji halituunguzi sisi. Jibu ni kwamba joto kali na wingi wa joto ni vitu viwili. Ingiza mkono kwenye tanuri la mkate lenye nyuzi 200 uutoe upesi, hutaungua na hewa yake. Utumbukize kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 100, utaungua papo hapo. Taji ni jepesi mno: chembe zake zina mwendo wa kutisha, ila ni chache. Kinachozipa mwendo huo kinahusiana na sumaku ya jua, na njia kamili bado inabishaniwa kati ya mawimbi yanayopanda kutoka chini na milipuko midogomidogo isiyohesabika. Sehemu inayotazamwa na Proba-3 ndiyo mahali pa kuamulia ubishi huo.

Jambo hili linagusa mpaka chini. Taji linapochafuka hutupa angani mabilioni ya tani za gesi yenye sumaku. Machi 13, 1989, dhoruba ya namna hiyo ilizima umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, kwa saa tisa, watu milioni sita gizani. Februari 2022 kampuni ya Starlink ilipoteza takriban setilaiti 40 kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa siku moja kabla, kwa sababu hewa ya juu ilivimba ikazikwamisha. Kwetu sisi wa karibu na Ikweta hatari ya gridi ni ndogo kuliko ya nchi za kaskazini, lakini tabaka la umeme lililo juu ya vichwa vyetu huvurugika vibaya, na GPS za wapima ardhi, ndege na meli hutoa majibu ya kupotosha. Mpaka sasa tunaiona dhoruba ikiwa imeshatoka. Kuiona ikizaliwa, kwenye ile nusukipenyo ya kwanza juu ya uso, kungetuongezea ufahamu wa ipi itakuja kwetu na kwa kasi gani.

Atakayetaka kuliona taji kwa macho yake ana miadi: Agosti 2, 2027, kivuli cha mwezi kitavuka kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, kisha Jiddah na Makka, hadi Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Sehemu nyingine zote za Afrika Mashariki zitaliona jua likimegwa tu, kwa hiyo miwani maalumu ya jua haitavuliwa hata dakika moja. Aliye Luxor au Jiddah ataivua pale tu jua litakapofunikwa lote, na ataivaa tena mara ukingo wa kwanza utakapochomoza.